Satiri na nimfu wa Clodion: udongo mnene namna ile ulipitaje motoni bila kupasuka?

MwanaIkombe (mleta mada)

Wakuu, salaam kwenu. Natafuta mtu anayejua ufinyanzi wa sanamu, hasa zile za Wafaransa wa mwishoni mwa karne ya 18. Nitaeleza kwa kirefu, mnivumilie.

Nimezaliwa Ikombe, jirani na Matema, Ziwa Nyasa. Anayevijua vyungu vya Wakisi anakujua kwetu. Mama anafinyanga, bibi alifinyanga, dada zangu wawili wanafinyanga. Sisi wanaume kazi yetu ilikuwa kubeba udongo, kutafuta kuni na nyasi za kuchomea, na kupiga kasia mtumbwi uliojaa vyungu hadi sokoni Lyulilo. Kwa hiyo udongo naujua kwa mabega kuliko kwa vidole. Nimeanza kufinyanga mwenyewe nikiwa na miaka 34, huku New York, kwenye karakana ambayo watu tunachangia kila mwezi na kuchomewa vitu vyetu kwenye tanuri la umeme.

Ijumaa nikitoka kazini hupita makumbusho ya Metropolitan. Mkazi wa jimbo hili analipa kiasi anachoweza, na siku hiyo wanafunga saa tatu usiku, basi hata mtu wa zamu anapata nafasi. Kuna sanamu moja pale imenishika miezi sasa. Ni ya udongo wa kuchomwa, terakota, kazi ya Clodion, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Claude Michel. Makumbusho wanaiweka kati ya 1780 na 1790 hivi na wanaiita Ulevi wa Mvinyo. Satiri, yule kiumbe wa hadithi za Wagiriki mwenye miguu ya mbuzi, ameegemea nyuma. Nimfu, yule binti wa misituni na chemchemini wa hadithi hizohizo, amempanda mapajani, mkono mmoja umemkumbatia, mwingine unammiminia mvinyo kinywani. Urefu wote ni sentimita 59, chini ya urefu wa mtungi wa maji wa nyumbani.

Anayepita haraka ataona watu wawili walio uchi na atageuza uso. Mimi nilisimama kwa sababu ya rangi. Ni rangi ya chungu cha mama asubuhi, majivu yakishapanguswa. Nikasogea. Manyoya ya paja la satiri yamechanwa kwa kitu chenye meno, uzi mmoja mmoja, ilhali ngozi ya nimfu imelainishwa kama mama anavyolainisha tumbo la chungu kwa kokoto ya ziwani. Nikazunguka nyuma. Nyuma nako kumefanywa kwa uangalifu uleule: uti wa mgongo wa nimfu unaonekana ukijipinda chini ya ngozi. Niliporudi nyumbani sikulala mapema.

Sasa swali langu. Chungu unene wake ni mmoja, kuanzia mdomo hadi kitako, ndiyo maana moto unakipita sawasawa. Sanamu hii ina mapaja mazito, viwiliwili viwili vimegandana, halafu mkono ulionyoshwa hewani ni mwembamba kama muhogo mchanga. Vyote vimeingia tanuri moja la kuni, bila kipimajoto, na vimetoka vizima. Mimi mwezi wa tatu nilifinyanga mwanamke aliyeketi anamenya mihogo, sentimita 30 tu. Niliukanda udongo vizuri, nikauacha wiki mbili ukauke. Ulilipuka. Fundi wa tanuri alinikabidhi vipande ndani ya ndoo, na vikombe viwili vya mwenzangu vilivunjika pamoja nao. Nilimwomba radhi na kumlipa, lakini bado naumia.

Walifanyaje? Ndani ya yule satiri kuna nini? Na je, alifinyanga kwa mkono mwanzo hadi mwisho, au alikandamiza kwenye kalibu? Kibao cha makumbusho kinasema terakota basi, hakimsaidii mtu anayetaka kujaribu.

---

BiVigae

Mwanangu, kwanza pole kwa mwanamke wako wa mihogo. Mimi ni mtu wa Mombasa, nakaa Lyon mwaka wa 19 sasa. Kazi yangu ni kuunga na kusafisha vitu vya udongo, kuanzia vigae vya Kirumi hadi sanamu za aina hiyo uliyoiona. Swali lako ni zuri kwa sababu umeuliza kama mfinyanzi. Wengi huniuliza bei.

Jibu fupi: yule satiri ni mtupu ndani. Umeona paja zito, lakini hilo ni ganda.

Fundi wa wakati ule alianza na udongo uliojaa, bila tundu, na mara nyingi akausimamisha kwenye mhimili wa mti au chuma ili usilale. Alifinyanga, akaongeza, akapunguza, mpaka mkao ukamridhisha. Halafu alingoja. Udongo ukifikia ugumu wa sabuni ya mche, ule ambao ukiubonyeza kwa kucha unaacha alama lakini haubonyei, ndipo kazi ya pili inaanza. Anaikata sanamu kwa waya: hapa kichwa, hapa bega, hapa mgongo. Anautoa mhimili, kwa sababu udongo utasinyaa na chuma hakisinyai, kikibaki ndani kitaupasua. Kisha anakomba. Nimetumia neno hilo makusudi, ni kukomba vilevile kama unavyokomba nazi: kitanzi cha waya kinazunguka ndani mpaka ukuta unabaki na unene wa kidole, na unene huo uwe mmoja kila mahali. Kingo anazikwaruza, anazipaka uji wa udongo uleule, anaziunga, na mshono anaufuta kwa kijiti cha mti mgumu. Ukikuta mshono unaonekana baada ya miaka 230, ujue fundi alikuwa na haraka.

Kwa hiyo uliposema chungu kina unene mmoja, ulikuwa umeshalijibu swali lako. Sanamu nayo ni chungu, ila kimepewa magoti na viwiko.

La pili ni tundu. Chini ya kitako, au mahali pasipoonekana, lazima ndani pawasiliane na nje. Ganda lililofungwa kabisa ni hatari.

La tatu, na hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu karakana nyingi wanafundisha makosa. Watakwambia udongo ulilipuka kwa sababu ya hewa iliyonaswa. Kilicholipua ni maji. Paja la mwanamke wako lilikuwa na unene wa sentimita tano au sita bila uwazi ndani. Wiki mbili nje limekauka, limegeuka jeupe, ukaliamini. Katikati bado lilikuwa bichi. Tanuri likapita nyuzi 100, maji yakageuka mvuke, na mvuke unataka nafasi mara zipatazo 1,700 kuliko maji yaliyouzaa. Ulikosa pa kutokea. Kuukanda kote kule hakukuweza kulizuia hilo.

Wale wa Paris walikausha kwa wiki nyingi, wakifunika sehemu nyembamba kwa kitambaa chenye unyevu ili zisiitangulie sehemu nene. Mkono mwembamba ukikauka mbele ya bega, bega likisinyaa baadaye litaung'oa. Udongo husinyaa asilimia 5 hadi 10 tangu kuwa mbichi hadi kutoka motoni, basi hesabu mwenyewe sanamu ya sentimita 59 ilianza na kimo gani mezani. Wengi walichanganya mchanga au vigae vilivyosagwa ili udongo uwe na njia za kupumulia. Mama yako atakuwa na dawa yake ya namna hiyo, muulize.

Kipimajoto hawakuwa nacho, lakini walikuwa na macho. Moto wa kwanza ni wa moshi tu, saa nyingi, tanuri likiwa na joto la kukaushia samaki. Baada ya hapo unapandishwa polepole, hasa kuelekea nyuzi 573, pale chembe za mchanga ndani ya udongo zinapobadilika umbo kwa ghafla. Wakati wa kupoa unapitia palepale tena, na sanamu nyingi hupasuka wakati wa kushuka, fundi akiwa keshashusha pumzi.

Kuhusu kalibu: walifanya yote mawili. Clodion alikuwa na karakana, ndugu zake walifanya kazi naye, na umbo lililopendwa lilirudiwa kwa kalibu ya jasi: udongo unakandamizwa vipande vipande kwa dole gumba, unaungwa, kisha unatiwa mkono upya ungali mbichi, nywele, vidole, majani ya mzabibu. Kwa hiyo ukikuta alama za kalibu usiseme haraka kwamba si kazi yake. Tazama kilichofanyika baada ya kalibu. Manyoya uliyoyaona yamechanwa uzi mmoja mmoja, hayo ni ya mkono.

Na kwa kuwa uko New York, nenda pia makumbusho ya Frick, wamefungua tena tangu 2025. Mtafute Diana, mungu wa kike wa uwindaji, kazi ya Mfaransa Houdon, wa terakota, kimo cha mtu mzima mrefu, zaidi ya mita 1.9, amesimama uchi kwa ncha ya mguu mmoja. Huyo hakuchomwa akiwa mzima. Alichomwa vipande, kisha akaungwa. Mwendee karibu utafute maungio kwa macho ya kwenu Ikombe, halafu urudi utuambie.

---

MwalimuKipimo

Nimesoma kwa makini, na namshukuru BiVigae. Mimi nafundisha historia sekondari, Morogoro, sijui udongo. Nina jambo linanikera, nalisema kwa heshima.

Sanamu hizi zilifinyangwa kwa ajili ya sebule za matajiri wa Paris katika miaka ambayo mkate ulikuwa unawashinda watu kununua. 1780 hadi 1790! Mapinduzi yako mlangoni, na fundi mwenye kipaji hiki anafinyanga nimfu wanaomiminia satiri mvinyo. Mwaka 1792 Clodion mwenyewe alirudi Nancy alikozaliwa, kwa sababu wateja wake walikuwa wamekimbia au wamekwisha. Mwaka uliofuata Akademia ya Kifalme, ile ya wachoraji na wachongaji, ikavunjwa. Nikiwafundisha watoto wa kidato cha nne Mapinduzi ya Ufaransa, niwaambie nini kuhusu Bacchus, mungu wa mvinyo, na wafuasi wake hawa? Naona ni pambo la watu waliokuwa wamefumba macho. Nionyesheni kama nimekosea, nitapokea.

---

BiVigae

Mwalimu, hujakosea kuuliza, na la mkate ni kweli tupu. Lakini usiufunge mlango mapema, kwa maana hadithi ninayoipenda kuliko zote kuhusu udongo huu imetoka hapa Lyon, na mhusika wake alifungwa gerezani kwa sababu ya miungu ya Kigiriki.

Mchongaji Joseph Chinard alizaliwa Lyon mwaka 1756. Alikwenda Roma kusoma, na mwaka 1786 alishinda tuzo ya Akademia ya San Luca, ya wasanii wa Roma, kwa kundi la terakota: shujaa Perseus akimwokoa Andromeda aliyefungwa kwenye mwamba. Mfaransa kushinda Roma, tena kwa udongo, lilikuwa jambo kubwa. Akarudi Lyon, akaunga mkono Mapinduzi, kisha akaenda Roma tena. Huko, mwaka 1791, mfanyabiashara mmoja wa Lyon alimwagiza mifano miwili ya vitako vya vinara vya mishumaa. Mapambo ya sebule, Mwalimu, kama ulivyosema. Chinard akafinyanga Jupiter akiupiga Ukabaila kwa radi, na Apollo, akisimama badala ya Akili, akiukanyaga Ushirikina.

Fikiria vitu hivyo vimewekwa kwenye karakana ya Roma, mji wa Papa. Wakubwa wa pale hawakuona Apollo, waliona Kanisa linakanyagwa. Mwaka 1792 walimkamata pamoja na mwenzake msanifu majengo, wakamtia ndani ya ngome ya Sant'Angelo. Serikali ya Paris ilimdai, na barua kali kwenda kwa Papa iliandikwa na Madame Roland, mke wa waziri wa mambo ya ndani. Novemba ya mwaka huohuo akaachiwa.

Na hayakuishia hapo. Alirudi Lyon akakuta mji umegeuka, na wanamapinduzi wenyewe wakamtia gerezani kwa kumshuku kwamba si mwenzao vya kutosha. Ndani ya gereza alifinyanga udongo tena: Kutokuwa na Hatia, kwa umbo la njiwa, kunakimbilia kifuani kwa Haki. Kazi ile ilielekezwa kwa mahakimu. Alitoka hai mwaka 1794, katika mji ambao wengi hawakutoka.

Nikiwa na kazi ya Chinard mkononi, ninachokiona ni mtu aliyekuwa na lugha moja tu ya kusemea mambo makubwa, na lugha hiyo ilikuwa Jupiter, Apollo, Perseus. Kila aliyesoma wakati ule aliielewa. Walikuwa wamechimbua miji ya Kirumi iliyofukiwa na volkano, Herculaneum tangu 1738 na Pompeii tangu 1748, vitabu na michoro imejaa mji, na mwanafunzi wa sanamu alipelekwa Roma kunakili kama sisi tulivyopelekwa chuoni kukariri. Lugha hiyohiyo Clodion aliisemea furaha ya mwili, Chinard akaisemea hasira. Watoto wako wa kidato cha nne waonyeshe Apollo anayekanyaga, halafu waulize ni nani aliyemwogopa. Watakuuliza maswali mpaka kengele ilie.

Nikutetee pia Clodion kidogo. Alikaa Roma tangu 1762 hadi 1771, na inasimuliwa kwamba wapenzi wa sanaa walizinunua kazi zake kabla hazijakauka, na kwamba Catherine II wa Urusi alitaka kumchukua. Aliporudi Paris, Akademia ilimkubali mwaka 1773 kwa hatua ya kwanza. Kuwa mwanachama kamili kulihitaji kipande cha marumaru cha kupokelewa. Hakukitoa kamwe. Marumaru aliiweza, nenda ukaone sanamu yake ya mwanafalsafa Montesquieu. Lakini marumaru wakati ule ilipita mikono mingi: fundi anafanya mfano, vibarua wanachonga kwa vipimo, yeye anamalizia. Kwenye udongo hakuna mtu katikati. Shinikizo la kidole chake cha mwaka 1785 limegandishwa na moto, na mimi nikivaa glavu na kuigeuza sanamu, kidole changu kinaingia ndani ya alama yake. Huwa natulia kidogo hapo kabla ya kuendelea na kazi.

---

MwalimuKipimo

Nimepokea. Picha ya Apollo wa Chinard nimeipata, nitaichapisha kwa ajili ya darasa la Jumatatu. Sikujua habari za gereza la pili.

---

Mnadani_Brussels

Naingilia kwa jambo moja, kwa faida ya anayesoma na ana pesa mfukoni. Nakaa Brussels, napenda masoko ya vitu vya zamani ya Jumapili. Miaka minne iliyopita nilinunua nimfu mwenye kikapu cha zabibu, sentimita 35, nyuma ya kitako imeandikwa CLODION. Nililipa mshahara wa miezi miwili. Muuzaji aliniapia. Nilipompelekea mtaalamu, aliigeuza, akaangalia ndani kwa tochi ndogo, haikuchukua dakika tano. Ndani palikuwa laini kote, kama ndani ya kikombe cha kiwandani: udongo wa majimaji ulimiminwa kwenye kalibu. Pembe za majani zilikuwa butu. Na jina lilikuwa limegongwa kwa muhuri, halikuchorwa kwa kijiti udongo ukiwa mbichi. Ni kazi ya karne ya 19, wakati mtindo wa Clodion uliporudi na kila karakana ikamwiga. Wapo waliomfuata kwa heshima na kwa jina lao wenyewe, kama Carrier-Belleuse, ambaye mchongaji mashuhuri Rodin alimfanyia kazi akiwa kijana. Wapo pia walioandika jina la marehemu.

Kama kitu ni cha bei kubwa, wapo wanaotoboa kitundu kidogo chini ya kitako, wanachukua unga, wanaupasha joto na kupima mwanga unaotoka. Unaonyesha takriban kimepita miaka mingapi tangu moto wa mwisho. Gharama yake ni ndogo kuliko machozi yangu. Nimfu bado ninaye, yuko dirishani, sina kinyongo naye.

---

MwanaIkombe (mleta mada)

Bi Vigae, shikamoo. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na kitu.

Nilikwenda Frick. Mtaa wa 70, nikaingia asubuhi siku ya mapumziko. Diana nilimzunguka mara tano au sita. Mlinzi alinifuata mara mbili, nikamweleza kwamba natafuta mishono, akacheka, akaanza kutafuta pamoja nami. Tulichokubaliana wote wawili ni mstari mmoja tu, na huo sitausema, kwa sababu huenda ni ukungu wa macho. Lakini uzito wote ule juu ya ncha ya mguu mmoja, kwa udongo! Mama angesema huyu mtu alimjaribu Mungu.

Palepale kuna Zephyrus na Flora wa Clodion, amechora mwaka, 1799. Nilipouona nilimkumbuka Mwalimu. Mapinduzi yamepita, wateja wa zamani hawapo, mzee ana miaka 60, amerudi Paris mwaka mmoja tu kabla, na bado anafinyanga upepo unambusu mungu wa kike wa maua, vidole vya miguu havigusi chini vizuri. Nilisoma pia kwamba mkewe, binti wa mchongaji Pajou, aliitwa Flore, na walitalikiana mwaka 1794. Sijui kama nina haki ya kuyaunganisha mambo hayo mawili. Lakini nilisimama pale muda mrefu.

Halafu nikaenda karakana nikamwanza upya mwanamke wa mihogo. Udongo uleule, nikachanganya vigae vilivyosagwa, vingine vya yule wa kwanza, nilikuwa nimeitunza ndoo. Nilipompigia mama kumuuliza dawa yake ya udongo usipasuke alinijibu bila kufikiri: mchanga wa mto, si wa ziwa, na usiwe na haraka. Hilo la haraka alilisema mara tatu.

Alipofikia ugumu wa sabuni ya mche nilimkata shingo, nikamkata bega la kushoto, nikamkata kiunoni. Mkono ulitetemeka, maana uso ulikuwa umetoka vizuri. Nikakomba. Sijawahi kufanya kazi ya polepole namna ile. Paja lilipobaki ganda nililiinua kwenye mwanga na nikaelewa kwa mwili ulichokuwa unaniambia. Nikaunga, nikatoboa tundu chini ya mkeka anaokalia, mikono nikaifunika kwa kitambaa kibichi kila jioni. Wiki tano. Fundi wa tanuri alimweka peke yake safu ya juu, alikuwa na haki.

Ametoka jana. Mzima. Kwenye bega la kushoto, palepale nilipounga, kuna ufa mwembamba wa urefu wa kucha.

Nilimpigia mama kwa video, nikamzungusha mbele ya simu. Hakusema lolote kuhusu uso wala mihogo. Aliniuliza: "Umemgonga?" Wanawake wa kwetu hawauzi chungu bila kukigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, nawe Bi Vigae bila shaka unafanya vivyo hivyo hapo Lyon. Nikaiegemeza simu ukutani. Nikagonga goti: likalia, safi, kama chungu. Nikagonga mgongo: ukalia. Nikagonga bega la kushoto.

Mama akasema rudia. Nikarudia. Halina mlio, lina kishindo kifupi tu.

"Shingo je?" akauliza. Shingo inalia.